Niliuona Mto Yordani

Katika mwezi wa Novemba, mwaka 2019, nilipata bahati ya kuwa mmoja wa Wakristo 34 waliotoka Kenya kwenda kuhiji katika nchi ya Biblia. Tulikuwa watu wa namna nyingi: wachungaji wanne, walimu, wakulima wa kahawa na wa mahindi, akina mama wa vyama vya sala, muuguzi mmoja, na makarani wa serikali wawili, ambao mmoja wao ni mimi. Tangu niliporudi watu wengi wameniuliza habari za huko, nami nimekuwa nikiwajibu kwa ufupi tu, kwa maana kazi ya ofisi haingoji. Sasa nimeona ni heri niyaandike kwa utaratibu niliyoyaona, ili apendaye kujua asome, na atakaye kwenda ajue aendako.

Lakini kabla ya kueleza safari yangu, sharti nieleze safari nyingine iliyoitangulia kwa miaka zaidi ya 70. Mimi sikwenda kwa haja yangu peke yangu. Nilitumwa.

Neno la Babu Yangu

Babu yangu mzaa baba alikuwa mkulima wa Ukambani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliandikwa jeshini, akatiwa katika kikosi cha askari wa kazi, wale waliojenga barabara, kupakua shehena na kulinda maghala. Wakapelekwa Misri, kisha Palestina, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya Waingereza. Siku moja katika mwaka 1943 kasisi wa jeshi akawapakia yeye na wenzake katika lori, akawapeleka kuona Yerusalemu, Bethlehemu na Mto Yordani.

Vita vilipokwisha alirudi nyumbani, na watu wakamwuliza aliyoyaona. Babu hakuwa mtu wa kupamba maneno. Alisema hivi: "Yordani ni mto mdogo, na maji yake yana matope. Nilisimama ukingoni nikatupa jiwe, likaanguka ng'ambo. Athi yetu wakati wa masika yaushinda."

Maneno hayo hayakuwapendeza watu. Katika nyimbo tulizofundishwa kanisani, Yordani ni mto mpana, wenye baridi na mawimbi, nao ndio mto ambao roho ya mwanadamu huuvuka siku ya kufa. Je, mto huo uvukwe na jiwe la kijana? Mwaka 1963 babu alipopendekezwa kuwa mzee wa kanisa, mhubiri wa siku zile alisimama akasema kwamba mtu aliyeudharau mto alimobatizwa Bwana hawezi kuaminiwa kulichunga kundi. Basi jina la babu likaondolewa. Yeye hakubishana, wala hakuhamia kanisa jingine. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka alipofariki mwaka 1996.

Sisi watoto wa kijiji tulimpa jina la kumtania, tukamwita Mzee Jiwe. Naungama kwamba mimi nami nilicheka pamoja na wengine. Nilipokuwa na umri wa miaka 10 alinisimulia habari ile tukiwa shambani, nami nikamwuliza, "Babu, una hakika?" Alinitazama kitambo, kisha akaendelea kulima. Hakunisimulia tena habari hiyo mpaka alipokufa.

Nyanya yangu, mkewe, alikuwa amepita miaka 90 nilipojiandikisha kwa safari hii. Aliposikia aliniita, akafungua pindo la leso yake, akanipa shilingi 3,000. "Mjukuu wangu," akasema, "nenda ukautazame mto ule. Usije ukaniambia wahubiri wasemavyo. Niambie ulivyouona kwa macho yako."

Kuondoka

Ada ya safari ilikuwa shilingi 240,000 kwa kila mtu, pamoja na ndege, malazi, basi na chakula cha asubuhi na jioni. Nilijiwekea akiba katika chama chetu cha ushirika kwa miaka miwili, na mwisho nikauza fahali wawili. Wenzetu wengine walichangiwa na makanisa yao, na mama mmoja wa Kisii aliniambia ada yake yote ilitoka katika ndizi.

Tuliondoka Nairobi usiku, tukabadilisha ndege Addis Ababa, na kulipopambazuka tukashuka katika kiwanja kilicho karibu na mji wa Lod. Mji huo ndio Lida ya Matendo ya Mitume, ambako Petro alimponya Ainea aliyekuwa amepooza. Kwa hiyo mtu hata hajatoka kiwanjani amekwisha kuingia katika Biblia. Maofisa walituuliza maswali mengi, wala hawakuwa na haraka. Anayekusudia kwenda na awe na subira, tena ajibu anayoulizwa tu.

Ziwa la Galilaya

Tulianza upande wa kaskazini. Mambo ya Nazareti sitayaandika mengi. Ni mji mkubwa wenye magari tele, na juu ya mahali paaminiwapo kuwa nyumbani kwa Mariamu limejengwa kanisa kubwa lililowekwa wakfu mwaka 1969. Tulisali humo, tukashuka ziwani.

Bahari ya Galilaya si bahari, ni ziwa la maji matamu. Urefu wake ni kilomita 21 hivi, na upana wake, palipo papana kabisa, ni kilomita 13. Mtu wa Nyanza aliyezoea ziwa lisiloonyesha ng'ambo hushangaa, kwa maana hapa pwani zote huonekana kwa mara moja. Kwa ukubwa halipishani sana na Ziwa Naivasha. Nalo liko chini, mita 200 na zaidi chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo ukishuka ghafula kutoka vilimani maji huchafuka upesi. Hapo nilielewa jinsi wanafunzi, waliokuwa wavuvi hodari, walivyoweza kuogopa.

Mahali paitwapo Ginosar tulionyeshwa mashua ya zama za Bwana Yesu. Mwaka 1986, ukame ulipoyapunguza maji ya ziwa, wavuvi wawili waliona mbao zake katika matope. Urefu wake ni mita 8 na kidogo. Hakuna anayedai kwamba Petro aliipanda, lakini ni mashua ya namna ileile aliyoitumia. Imetengenezwa kwa mbao za miti mingi mbalimbali, vipande vimeungwa kwa vipande, kama afanyavyo fundi maskini asiyetupa kitu. Nilipoitazama nilikumbuka mikokoteni yetu.

Mchana tuliletewa samaki wa ziwa hilo, ambaye wenyeji humwita samaki wa Petro. Mama mmoja wa Kisumu alimgeuza katika sahani, akasema kwa sauti, "Huyu ni ngege!" Watu wakacheka, lakini hakuwa mbali na ukweli, kwa kuwa samaki yule na ngege wetu ni wa jamaa moja. Mama akala kichwa na mifupa, akasema sasa amefika kwao.

Siku ya pili tulikwenda mahali Yordani unapotoka ziwani. Pako bustani iliyotengenezwa tangu mwaka 1981 kwa ajili ya mahujaji wanaotaka kubatizwa, pana ngazi, vyumba vya kubadilishia nguo, na duka kubwa. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, miti imeinama juu yake. Wenzangu walifurahi sana. Lakini mwalimu mmoja, niliyekuwa nimemsimulia habari ya babu, alinigusa bega akasema, "Karani, sioni matope hapa. Naona mzee alikosea." Sikuwa na la kumjibu. Nilisema tu kwamba babu hakufika hapa. Yeye aliuona mto ule chini, upande wa Yeriko. Usiku ule sikulala vema.

Yerusalemu

Kutoka Galilaya tulipita njia ya magharibi, kisha basi likapanda milima ya Yudea mpaka Yerusalemu. Mji uko juu, kiasi cha mita 800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi ule wa Novemba jioni zake zilikuwa na baridi kama za Limuru. Mji wa kale umezungukwa na ukuta wa mawe, na njia zake ni nyembamba kiasi cha punda na mtu kupishana kwa shida. Huko huuzwa misalaba, viatu, viungo vya mchuzi na simu, vyote katika duka moja. Baadhi yetu walihuzunika kuona biashara katika Njia ya Msalaba. Mchungaji wetu mkubwa akawakumbusha kwamba hata siku ile Bwana alipopita hapo akiuchukua msalaba, soko halikufungwa.

Katika njia hiyo vimewekwa vituo 14 vya sala. Kituo cha tano ni cha Simoni Mkirene, mtu aliyekuwa akitoka shamba, askari wakamshika na kumlazimisha achukue msalaba. Kirene ulikuwa mji wa Afrika, katika nchi iitwayo leo Libya. Nilisimama pale kuliko vituo vingine vyote. Nilifikiri juu ya mtu aliyetoka Afrika, akashikwa na askari apate kuchukua mzigo wa vita asivyovianzisha, naye kwa sababu hiyo akayaona kwa macho yake mambo ambayo wengine waliyasikia tu. Marko aliwataja hata wanawe kwa majina, Aleksanda na Rufo. Ni dhahiri kwamba Simoni alirudi kwa watu wake akawasimulia, nao wakamsadiki.

Kanisa la Kaburi Takatifu, ambalo la kwanza lake liliwekwa wakfu mwaka 335 katika enzi ya Mfalme Konstantino, ni kanisa gumu kwa mtu aliyelelewa katika misheni yetu. Ndani mna giza, taa nyingi zinaning'inia, ubani unafuka, na watu wanabusu mawe. Madhehebu sita hushiriki jengo hilo: Wagiriki wa Othodoksi, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti, Washami na Waethiopia. Kila moja lina saa zake na pembe zake, na hata kufagia ngazi kuna utaratibu wake, maana zamani watu wamepigana kwa ajili ya ngazi. Nje, juu ya mlango, iko ngazi ndogo ya mbao iliyoegemezwa dirishani tangu karne ya 18, na hakuna athubutuye kuiondoa asije akavunja mapatano. Lakini ufunguo wa mlango hawanao Wakristo wowote. Unashikwa na jamaa mbili za Waislamu wa mji huo, nao wamekuwa wakirithishana kazi hiyo ya mlango kwa mamia ya miaka. Tulipoambiwa hivyo tulinyamaza. Kisha mzee mmoja wa Murang'a akasema, "Ndugu wakigombana, jirani hushika ufunguo."

Tulipanda pia mpaka darini. Huko juu, katika vijumba vidogo vya udongo, wanakaa watawa wa Ethiopia. Ni Waafrika wenzetu, nao wamekaa katika mji huo kwa karne nyingi, katika umaskini na mara nyingi katika ubishi juu ya haki yao ya kukaa pale. Mtawa mmoja mzee alitusalimu kwa kuinamisha kichwa. Hatukuwa na lugha moja, lakini mama wa Kisii alimpa mkono kwa mikono yake miwili, kama tuwapavyo wazee wetu.

Bethlehemu

Bethlehemu si mbali, kilomita 10 hivi kutoka Yerusalemu, lakini katikati kuna ukuta mrefu wa saruji uliojengwa na Israeli tangu mwaka 2002, na kizuizi cha askari. Sisi wageni tulipita bila taabu. Wenyeji walikuwa wakingoja katika foleni. Mtembezaji wetu, Mkristo Mwarabu wa Bethlehemu aliyepita miaka 60, alituambia jambo hilo kwa maneno machache, wala hakutaka tulizungumze sana.

Mlango wa Kanisa la Kuzaliwa kwa Bwana ni mfupi, kimo chake hakifiki kiuno cha mtu na nusu, kwa hiyo kila aingiaye sharti ainame. Twaambiwa kwamba zamani uliwekwa hivyo ili watu wasiingie na farasi. Chini ya kanisa iko pango, na katika sakafu yake nyota ya fedha yenye pembe 14. Kila mmoja alipewa nafasi ya kupiga magoti kwa dakika moja tu, maana foleni ilikuwa ndefu. Dakika moja ilitosha. Niliwaona watu wazima, wachungaji na wenye mashamba makubwa, wakitoka mle wakijifuta machozi.

Siku ya Mto

Siku ya sita tuliteremka Yeriko. Njia yashuka zaidi ya mita 1,000 katika mwendo usiozidi saa moja, kati ya vilima vikavu visivyo na mti. Ndiyo njia ya Msamaria mwema, na mtu akiiona hashangai kwamba wanyang'anyi waliipenda. Bonde lile, pamoja na Bahari ya Chumvi, limezoeleka kutajwa katika mfuatano mmoja na Bonde letu la Ufa, na joto lake lilitukumbusha Magadi.

Mjini Yeriko tulionyeshwa mkuyu mkubwa, kwa kumbukumbu ya Zakayo. Nilikwenda nikaushika, nikatazama majani na tini zake zilizoota juu ya shina. Ni mti uleule! Ndio mukuyu wetu, uotao kando ya vijito vya Ukambani, ambao chini yake wazee wetu walikuwa wakitoa sadaka. Tangu utoto nilisoma neno mkuyu katika Biblia nikidhani ni mti wa kigeni, kumbe nilipanda mti wa Zakayo nilipokuwa nikichunga mbuzi.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kuelekea mashariki mpaka mtoni, mahali paitwapo Qasr al-Yahud. Hapo ndipo mahujaji walipokuwa wakija tangu zamani, na ndipo lori la babu lilipofika. Baada ya vita vya mwaka 1967 palifungwa, na mabomu yakatiwa ardhini. Palifunguliwa tena kwa watu wote mwaka 2011, lakini pande zote mbili za barabara tuliona seng'enge na mabango ya manjano ya kuonya, na makanisa matupu ambayo ardhi yake ilianza kusafishwa mabomu mwaka 2018. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Moyo wangu ulikuwa ukipiga kama siku nilipokwenda kuangalia matokeo ya mtihani.

Tulishuka ngazi za mbao, na mto ukawa mbele yetu.

Wasomaji, ulikuwa mdogo. Upana wake haukuzidi mita 10. Maji yake yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yakienda polepole kati ya matete. Ng'ambo ilikuwa nchi ya Yordani, na mahujaji wa upande ule walikuwa wakiimba, tukasikia kila neno ijapokuwa hatukuijua lugha yao. Katikati ya maji ilipita kamba yenye maboya, ndiyo mpaka, na kila upande alisimama askari kijana mwenye bunduki.

Niliinama nikaokota kokoto. Sikufikiri. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka wakati mtembezaji aliponishika. "Ndugu," akasema kwa upole, "hapa ni mpakani. Hapa mtu hatupi jiwe." Nikaitia kokoto mfukoni.

Ndipo mchungaji wetu akafungua kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5, akatusomea habari za Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma. Elisha alimwagiza aoge mara saba katika Yordani, naye akakasirika, akasema mito ya Dameski ni mizuri kuliko maji yote ya Israeli. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi, lakini siku ile ndiyo niliyoisikia. Biblia yenyewe haikuuficha udogo wa mto huu! Naamani aliona alichokiona babu. Mhubiri wetu wa mwaka 1963 aliijua nyimbo kuliko alivyolijua Neno.

Lakini furaha yangu haikufika jioni. Katika basi mtembezaji alitueleza kwamba tuliyoyaona ni mabaki tu. Mwaka 1964 Israeli ilimaliza mabomba makubwa ya kuchukua maji ya ziwa la Galilaya mpaka mashamba ya kusini, na nchi za Yordani na Syria zimezuia maji ya Yarmuki, mto mkubwa uuongezeao Yordani. Leo hayafiki chini hata sehemu moja katika kumi ya maji ya zamani, na hayo yaliyobaki yamechanganyika na maji ya chumvi na ya machafu. Ndiyo sababu Bahari ya Chumvi inashuka zaidi ya mita moja kila mwaka.

Niliposikia hayo nilifadhaika. Ikiwa mto wa babu ulikuwa na maji mara kumi, basi ushahidi wangu haukuwa ushahidi. Mimi ni karani. Najua kwamba hesabu ya mwaka huu haithibitishi hesabu ya mwaka mwingine. Tuliposhuka nilimwendea mtembezaji faraghani nikamweleza habari yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba yangu aliuona kabla ya mwaka 1948. Alisema vijana walikuwa wakiuogelea kwenda na kurudi, ila wakati wa mafuriko. Ulikuwa mpana kuliko leo mara tatu hivi. Lakini kijana wa miaka 20 kutupa jiwe mita 30, hilo ni jambo gani?" Usiku ule alinionyesha katika simu yake picha za zamani, zilizopigwa na wapiga picha wa American Colony wa Yerusalemu kabla ya vita. Mahujaji wamesimama majini, na nyuma yao ukingo wa pili waonekana wazi, pamoja na matawi ya miti yake. Mtu yeyote angeweza kutupa jiwe pale.

Babu alisema kweli. Alisema kweli juu ya mto wa siku zake, bila kuongeza wala kupunguza.

Kurudi Nyumbani

Nilifika kijijini mwezi wa Desemba. Nyanya alikuwa ameketi juani. Sikumpa salamu ndefu; nilimwambia, "Nyanya, ni mto mdogo, na maji yake yana matope." Akanyamaza kitambo. "Nilijua," akasema. "Lakini ni vizuri kuambiwa." Nikampa ile kokoto. Akaifunga katika pindo la leso, palepale alipokuwa amefunga zile shilingi.

Mwezi wa Januari 2020 niliombwa kutoa ushuhuda kanisani, nami nikaeleza yote kama nilivyoyaandika hapa, bila kumtaja mhubiri yule, ambaye amekwisha kufariki, naye alifanya mema mengi pia. Nilipokwisha, mzee mmoja wa miaka 80 na zaidi akasimama kwa mkongojo wake. Alisema kwamba mwaka 1963 yeye alikuwa kijana, ndiye aliyekuwa karani wa baraza la kanisa, na kwamba neno lile aliliandika kwa mkono wake katika kitabu cha mikutano. "Nimelikumbuka kila nilipomwona benchi la nyuma," akasema. Kitabu kikatafutwa kabatini, kikaonekana. Imeandikwa humo kwamba babu yangu hakuteuliwa kwa sababu ya kusema uongo juu ya Mto Yordani.

Baraza halikulifuta neno hilo, wala mimi sikutaka lifutwe, kwa maana kitabu cha kumbukumbu hakifutwi. Lakini liliandika neno jingine katika mkutano wake uliofuata, na tarehe yake, kwamba habari ile imechunguzwa na imeonekana kuwa kweli. Mzee yule aliomba aliandike yeye mwenyewe. Mkono wake ulitetemeka, lakini maandishi yasomeka.

Kwa wale wanaonuia kuhiji, natoa shauri moja tu: wapate kwanza habari za hakika za usalama, kwa maana tangu vita vilivyoanza Oktoba 2023 mahujaji walipungua sana, na wenye kuwategemea kwa riziki, kama mtembezaji wetu, wamepata taabu kubwa. Na kwa wale ambao hawatapata nauli ya kwenda popote, nao ndio wengi, nawaomba hivi. Ikiwa nyumbani kwako yuko mzee aliyesafiri zamani, akaona mambo usiyoyaona wewe, keti naye, umwulize, uandike asemayo. Na akikuambia jambo lisilolingana na ulivyofundishwa, usiharakishe kucheka. Mimi nilikwenda mbali sana kumwomba radhi mtu aliyekuwa akilima karibu nami.